Tangazo Nilimushonea Mwipwa Wangu

Leo université nzima imenicheka, na ile université iko mu depo yangu.

Ndugu zangu wa Likasi, naandika mbio mbio, juu kamiyo yangu inaondoka kesho asubuhi kuja kwenu na mahindi ya Mutshatsha, na dereva wangu iko na mudomo. Alikuwa pale. Aliona yote. Akifika atawaelezea kwa mikono na miguu, na atafanya mpaka sauti yangu. Heri musome kwanza kwa mwenyewe wa mambo, kisha mumusikilize ule muongo.

Munanijua. Mi Kaumba siyo mutu wa kuona haya. Kalasi niliacha ku mwaka ya ine, siku tata, baba yetu, alivunjika muguu mu mugodi. Nilianza na kubeba magunia ku gare ya treni, na hii kichwa munaijua. Leo niko na boulangerie mbili za mukate mu Manika, mutaa wetu wa Kolwezi, na kamiyo tatu (mbili zinatembea). Nusu ya Kolwezi ikiamuka asubuhi, inakula mampa ya Kaumba. Nusu ingine inakula mampa ya wengine na inajuta.

Sasa, serikali iliposema kama raia nao banaweza kufungua université, bakubwa ya Kolwezi tulikutana. Kila mutu alilia juu ya batoto yetu: banaenda kusoma Lubumbashi, banalala njaa kule, na benye kumaliza habarudi. Balisema muzuri, na Kifaransa ya kung'aa kama viatu ya ndoa. Mi niliuliza kitu moja tu: batoto batakaa wapi, ku jua? Basi nikatoa depo yangu ya zamani, ile nilikuwa nawekaka bunga ya mampa. Hivi njo nilikuwa président wa comité ya université, mi mwenye sikumaliza primaire. (Mvua ikinyesha, ukuta inatoa harufu ya mampa, na banafunzi ya sheria banasema njaa inabashika katikati ya somo. Si kosa yangu. Mampa yangu iko hivyo.)

Mwaka hii tukataka kufungua géologie, masomo ya mawe. Kolwezi kukosa géologie ni kama mi kukosa tumbo. Franga ya comité ilitosha mufundishaji moja tu: assistant, wa kusaidiana na professeur mwenye atakuwa anatoka Lubumbashi mara kwa mara. Secrétaire wetu, Tata Mulumba, mwalimu wa zamani, mwembamba, miwani imefungwa na uzi, akaandika tangazo ya kazi. Akaniletea ku boulangerie nisome, nipige cachet, ile muhuri.

Nikasoma. Tangazo ilisema kazi yenyewe ni gani: kufundisha banafunzi kutambua mawe, kubapeleka ku mugodi, kusahihisha kazi yao. Ilisema masomo yenye inaombwa: licence, ile diploma ya université. Ilisema mushahara. Ilisema karatasi zinapelekwa wapi na mwisho ni lini, na kama bote bataulizwa maulizo moja, mbele ya jury moja. Ku mwisho kabisa: mwanamume ao mwanamuke, wa fasi yoyote, anaweza kuomba. Basi. Imeisha.

"Tata Mulumba," nikasema, "hii tangazo iko kavu kama mampa ya juzi."

"Tata Président, haiko ya kula."

(Ule mutu ananiheshimu sana. Lakini heshima yake iko na miiba.)

Nikamuambia aniachie, nitaitengeneza. Siku ile ile, kabla jua haijashuka, dada yangu mukubwa, Yaya Ngoie, akafika ku nyumba. Mama yetu alikufa mi natambaa bado. Yaya njo alinibeba ku mugongo, akiuza maharagi ku soko ya Mutoshi. Kama leo niko mutu, ni ule mugongo. Na ule mama haniombaka kitu. Ukimupa mampa, analipa. Siku ile alikaa, akakatala hata maji, nikajua iko na neno zito.

"Kaumba," akasema, "Kalenga anatafuta kazi ya assistant. Kama kuko namna, abakie hapa. Rafiki zake banamuita ku South, Afrika ya Kusini. Akienda kule, mi sitamuona tena na hii macho."

Kalenga ni mutoto wake wa mwisho. Wale wengine maisha ilibatawanya. Serikali ilimutuma kusoma mawe kule Rumania, akarudi, na tangu pale anagonga milango ya Lubumbashi. Mutoto muzuri. Anasalimia batu kwa mikono mbili.

Nikamujibu Yaya aende alale usingizi, mambo imekwisha kutengenezeka. Na pale njo nilianza kuharibu.

Juu ya ile neno, assistant. Mu kamiyo yangu, assistant ni ule analalaka juu ya magunia, na tukipanda mulima anaruka chini kuweka jiwe nyuma ya mupira. Mutoto ya Yaya wangu asome mpaka kwa theluji, apande ndege, kisha arudi Kolwezi kuweka jiwe? Haiwezekani. Nikashika kalamu, nikafuta assistant, nikaandika docteur, cheo ya juu kabisa ya basomi. Nilijiambia: mutu anatoka Ulaya, atakosa je docteur? (Mi nilifikiri banagawaka ile kitu ku mulango ya kutokea.) Na juu comité haina franga ya docteur, nikaandika chini yake kama mushahara atalipa Citoyen Kaumba mwenyewe, na mampa yake. Nilipenda namna ile sentensi ilikaa.

Kisha nikawaza: na kama docteur mwingine akuje? Pale nikaanza kushona. Kila mutu mu Zaïre anajua namna banashonaka tangazo. Kazi iko na mwenyewe tangu zamani, unabakia kuandika mwili wake. Kalenga alizaliwa Mutoshi: nikaandika, azaliwe Mutoshi. Anajua Kiluba: nikaandika. Anajua Kirumania: nikaandika. Na ku ukuta ya Yaya kuko picha zake mbili. Ya kwanza, Kalenga mu theluji, ameegemea motokari ya rangi nyekundu, mukono ku mulango kama mwenyewe. Nikaandika: ajue kuendesha motokari. Ya pili, kwaya ya banafunzi ya Afrika mu kanisa moja kule, Kalenga amesimama nyuma kabisa pamoja na barefu. Nyuma banasimamaka nani? Benye sauti ya chini. Nikaandika: aimbe bass.

Tata Mulumba aliposoma, alitoa miwani, akaipangusa, akairudisha. Akasoma tena.

"Tata Président, na kovu ya goti unaisahau?"

Nikamuambia aache bubaya, kila mutu anafanyaka hivi. Akajibu polepole, kama anasomea batoto ya mwaka ya kwanza, kama tangazo ya haki inasema kazi inaomba nini, na hii yangu inasema mi naomba nini. Akasema tena kama benye akili batasoma, bataona kiti iko na mwenyewe, batabaki kwao. Na benye batakuja, Mungu njo anajua. Nikamuuliza: ni wewe président? Nikapiga cachet. (Napenda cachet. Ile sauti yake inanifurahisha.) Tangazo ikabandikwa ku kanisa, ku soko, ku mulango ya depo. Nikalipa mpaka radio ikaisoma.

Kalenga sikumuambia kitu. Mambo ya bakubwa haielezwaki batoto. Nilimutumia habari tu ku phonie, ile radio ya kuongelea, afike siku ya posho, Jumamosi, na avae muzuri. Tena mi mwenyewe njo nilisimama mu comité kuomba jury ifanyike mbele ya batu bote, mu lupango, uwanja wa depo, ili mutu asiseme tulipitisha kijana mu dirisha. Kweli ni kama nilitaka Manika nzima ione mutoto wetu akishinda.

Tunafika leo.

Asubuhi nikavaa abacost yangu ya kijivu, ile koti ya bakubwa isiyovaliwa na kravati. Siku hizi batu banarudilia kravati. Mi shingo yangu ilikwisha kuzoea. Nikafika ku depo, lupango ikajaa mpaka ku ukuta. Yaya Ngoie alikaa mbele kabisa, kikwembe mupya, sufuria ya kuku mukubwa ku miguu, imefunikwa na sahani. Alipika ya kushangilia. Aliniangalia, akashusha kichwa kidogo, namna ya kusema aksanti. Mi nilivimba.

Kisha nikaona benye kuomba kazi. Ndugu zangu. Kwanza, bass ya kwaya ya Bakatolika. Nyuma yake, bass mbili ya Baprotestanti, na banaangaliana vibaya. Balisikia ku radio université inatafuta bass. Nyuma yao, dereva wa taxi. Docteur, hakuna hata moja. Na kule ku mulango, vijana mbili na shati ya kupigwa pasi, mikono mifukoni, banacheka. Nikatuma dereva wangu abaulize banataka nini. Akarudi kusema ni bageologue, balimaliza Lubumbashi, bako na licence yao. Balisoma tangazo, balifahamu iko na mwenyewe, na balikuja kumuangalia tu.

Tata Mulumba alikuwa karibu. Aliipangusa miwani.

Recteur wetu, Abbé Floribert, padri mwenye anaongoza université, akakaa ku meza. Ni mutu mutulivu, akicheka anacheka na mabega tu. Akasimama, akasoma tangazo kwa sauti, sentensi kwa sentensi, mbele ya Manika yote. Mi niliisikiaka ku radio, ilikuwa muzuri. Mu kinywa ya Abbé, sijui juu ya nini, ilikuwa kitu ingine. Alipofika ku bass akasimamisha kusoma.

"Tata Président," akasema, "tangazo ni yako. Tuelezee. Bass, ni ya kazi gani mu géologie?"

Nikasimama. Mutu wa boulangerie mbili hakosi jibu.

"Abbé, mawe iko chini. Sauti nayo inapashwa kuwa chini."

Mabega ya Abbé yakaanza kazi.

"Na Kirumania?"

"Mawe ingine ilitoka mbali."

Pale batu bakaachilia. Lakini balicheka muzuri, kama batu ya nyumba moja, na nikajiambia haizuru, bacheke, Kalenga akiingia batanyamaza. Abbé akaita bass ya Bakatolika, akamuuliza kama iko docteur. Akasema hapana, lakini anaweza kushuka mpaka chini kabisa, basikilize. Abbé akamuomba akae. Zile za Baprotestanti zikakaa zenyewe. Dereva wa taxi akauliza kama kumupeleka docteur wa hospitali ku kazi miaka yote hii inahesabika. Abbé akasema lazima waangalie sheria.

Kisha Kalenga. Alifika na treni asubuhi, amevaa muzuri, na alikuwa na macho ya mutu mwenye ameingia ndoa ya batu hajui. Abbé akamupa kiti, akamuuliza kwa upole kama docteur yake aliifanyia wapi.

"Sina docteur, Abbé. Niko na licence."

Mu lupango yote, kuku ya Yaya pekee njo iliendelea na kazi yake, kutoa harufu.

Kalenga akanigeukia. Hakukasirika. Ingekuwa heri akasirike.

"Mujomba, mama alikuambia assistant."

Sasa ninyi, kama ndugu, mungefanya nini? Mutu mwenye akili angekubali pale pale, angesema comité tumekosea. Mi nikasema, na sauti ya président, kama docteur ni mambo ya karatasi, tutaongea nyuma; mutoto aonyeshe kwanza kuendesha. Camionnette, gari yangu ndogo ya mampa, ilikuwa pale mu lupango. Kalenga akakuja karibu, akaniambia mu sikio kama hajui kuendesha. Nikamuuliza: na ile picha? Akasema motokari haikuwa yake. Nikafikiri ni aibu ya batoto basomi, banajishushaka. Nikamuwekea funguo mu mukono na kufunga vidole vyake na vyangu.

Mutoto ya Yaya hakataliaka mujomba. Hii njo kosa yake moja.

Akapanda. Akawasha. Camionnette ikafikiri kidogo. Kisha ikaenda nyuma. Haikukimbia, hapana, ilienda polepole, na heshima, kama mutu anatoka mbele ya chef bila kumupa mugongo. Batu bakafunguka kushoto na kuume. Ikapita meza ya jury. Ikafika ku kibao ya université, ile niliweka mwenyewe, yenye jina KAUMBA kwa herufi kubwa na jina ya université chini yake. Ikaiegemea. Kibao ikalala. Camionnette ikapanda juu ya kibao, mupira moja ya nyuma, na milango ikafunguka, na mampa ya kantini ikamwagika mu lupango kama mvua ya kwanza.

"Kalenga, toa muguu ku pedale."

Ile sauti ilitoka ku mulango. Ilikuwa chini, chini kabisa, kama ngoma ya mukubwa wa nchi. Bass bote tatu bakageuza kichwa pamoja. Tukatafuta mwanamume mwenye sauti ile. Hakukuwa mwanamume. Alikuwa mama moja wa miaka karibu na yangu, mufupi, kitambaa ku kichwa, sakosi ya karatasi ku mukono. Akapita katikati yetu, akafungua mulango ya camionnette, akamusogeza Kalenga kama mutoto ku kitanda, akakaa. Mara moja camionnette ikashuka ku kibao, ikazunguka, ikasimama fasi yake ku kivuli. Akazima. Akashuka. Akasalimia Abbé.

"Naitwa Mama Kapinga," akasema. "Nimekuja juu ya tangazo. Treni ilikuwa moja na ya huyu kijana, lakini nilipita kwanza Mutoshi kusalimia mama yangu."

Abbé, na mabega imetulia kama jiwe, akaomba karatasi. Docteur wa géologie, iko. Amezaliwa Mutoshi, tata yake alikuja kutoka Kasai kwa kazi ya mugodi, iko. Kiluba iko. Kirumania alisoma kule miaka mingi, na Kalenga alipofika nyuma yake, kijana, hajui hata kuvaa koti, yeye njo alimufundisha kununua mukate. Motokari nyekundu ilikuwa yake. Ile picha ni yeye aliipiga. Na kwaya?

"Banaume balikuwa kidogo kule, Abbé. Balinipa bass."

"Na Kalenga?" mi nikauliza. (Nani alinituma kuuliza?)

"Kalenga tulimusimamisha nyuma, Tata, juu asisikike."

Mpaka Yaya alicheka. Nilimuona.

Nikashika kitu ya mwisho. Nikasema kama ile kazi nilifikiria mwanamume. Tata Mulumba akanyanyua tangazo, yenye cachet yangu, akaniomba nimuonyeshe fasi nimeandika hivyo. Nikatafuta. Ku mwisho kabisa ilikuwa ile sentensi yake ya mwanzo, mwanamume ao mwanamuke. Ile sikuifikia. Wino ilikuwa imeisha.

Mama Kapinga akanigeukia. Macho yake ilikuwa na upole, na ile upole njo ilinimaliza.

"Tata Président, nilikuwa Lubumbashi nasikiliza radio. Nikasikia Mutoshi, Kiluba, Kirumania, motokari, bass. Nikaweka sahani chini. Nikajiuliza, nani Kolwezi ananijua namna hii? Miaka yote naomba kazi, banasemaka fasi iko na mwenyewe. Ni mara ya kwanza mwenyewe ni mimi."

Ndugu zangu. Mabega ya Abbé ilipasuka. Ilianza ku meza ya jury, ikaenda ku bass, na bass banachekaka vibaya, ukuta inatetemeka. Dereva wa taxi alishika mugongo wa dereva wangu. Banafunzi balikaa chini kati ya mampa. Wale vijana mbili wa ku mulango, mumoja alilia machozi. Na mi katikati, na abacost yangu, na kibao yenye jina yangu imevunjika mbili, KAU fasi moja, MBA fasi ingine.

Lakini niseme kweli, juu ya haki. Abbé alipotuliza batu, alimuomba afundishe kidogo, tuone. Mama Kapinga akaokota jiwe ku lupango yangu, jiwe nilikanyagaka miaka yote, yenye mustari wa kijani. Akaeleza namna maji ya zamani ilipita ndani, polepole, ikaacha shaba, na shaba ikikutana na hewa inavaa ile rangi. Hakutumia neno hata moja la kutisha. Bapika mampa yangu bakaacha kucheka, bakasogea. Nami nilisogea. Nilielewa. Mimi! Kama ule mama angenifundisha mi ku mwaka ya ine, sijui leo ningekuwa wapi. (Pengine maskini. Basomi habana franga. Lakini ningejua.)

Jury haikukaa hata kidogo. Kazi ni yake, na mushahara, balikumbusha bote na furaha, iko juu ya mampa ya Citoyen Kaumba.

Pale nikamuangalia Yaya. Alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anaangalia Kalenga, na Kalenga anaangalia viatu vyake vya muzuri, na nikaona treni ya kwenda South mu uso wa dada yangu. Ile njo iliniuma. Kibao ninaweza kutengeneza. Mi mwenyewe nilimufungia mutoto mulango: kazi ya assistant, na licence yake mu mufuko, angeingia wima, asubuhi, bila mujomba. Nilimunyanyua mpaka akapita juu ya kiti.

Mama Kapinga njo aliongea. Alisema docteur bila assistant ni fundi bila nyundo, na kama anasikia muzuri, franga ya comité ya assistant haijaguswa, juu Tata Président analipa docteur peke yake. Abbé akamuangalia Tata Mulumba. Tata Mulumba akatoa mu mufuko wa koti ile tangazo yake ya kwanza, kavu, kama mwanzo. Ibandikwe leo, wakasema. Jury siku ya posho ijayo.

Vijana mbili wa ku mulango bakaacha kucheka. Bakaingia, bakaomba kalamu. Ni bajuzi, inaonekana. Nikamufuata Mama Kapinga mbio, nikamuambia polepole kama Kalenga ni kama mudogo wake, alimufundisha kununua mukate, basi…

"Tata," akanikata, "nitamuuliza maulizo ile nitauliza bale. Akishinda, akae na kifua mbele. Akishindwa, nitamuambia mwenyewe juu ya nini."

Nikageuka kwenda kwa Abbé. Sikutaka kitu kibaya, nilitaka tu kumuonyesha depo ni ya nani. Mukono ukanishika abacost nyuma. Yaya Ngoie. Miaka yake yote, na bado anajua fasi ya kunishikia.

Nikamuomba anisamehe. Nikaanza kumuelezea namna nitatengeneza, nitaona nani, nitatuma nini.

"Kaumba," akasema, "nilikuomba mutoto wangu apate kazi. Sikukuomba umugeuze mutu mwingine. Aliniambia sasa hivi haendi South kabla ya jury. Basi usimusaidie tena. Kaa."

Akafungua sufuria. Akagawa kuku kwa bote, hata kwa bale vijana mbili, hata kwa bass. Mi alinipa shingo.

Sasa ni jioni, jua iko bado. Bale vijana mbili ni bageni, habana fasi ya kulala Manika, basi Kalenga alibaleta ku nyumba yangu, na bote tatu banasoma ku barza, mawe yamejaa ku meza yangu ya kulia, banabishana na kucheka. Mumoja yao ni mukali kabisa. Nimesikiliza. Yaya ameweka kiti yake kati yangu na mulango, anachambua sombe, majani ya mihogo, na nikisogeza muguu, anakohoa.

Musinicheke sana, ndugu zangu. Magunia nilibeba, depo nilijenga, moto ya mampa nilisimama mbele yake mpaka nyusi zikaungua. Lakini kukaa tu, mikono juu ya magoti, bila kumusaidia mutoto wa dada yako, hii kazi njo inaomba docteur.